Kilio Kikifika Lupangoni: Ushauri kwa Jumuiya na Wafiwa wa Lubumbashi

Maswali haya hayaishi. Mama mwenye mtoto mchanga anauliza kama ni dhambi kutokwenda kulala kilioni. Baba wa Kampemba anataka kujua atoe kiasi gani, kwa kuwa mwezi huu mtaani kwake kuna vilio vitatu na mshahara haujaonekana. Kiongozi wa jumuiya anauliza aseme nini familia inapotaka sanduku la bei itakayowaondoa watoto shuleni. Wajane huuliza mwisho, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika: kile kikapu kilikuwa na pesa ngapi, na zilikwenda wapi?

Nitawajibu wote pamoja, maana nadhani ni swali moja. Ukitaka kujua kama kilio kilikuwa cha Kikristo, usihesabu magari wala kwaya. Nenda pale nyumbani baada ya miezi mitatu, uone mjane anakula nini na watoto wanasoma wapi. Kila tulichofanya siku za kwanza kikawaachia deni, hata kama kilipendeza machoni pa watu, tulikosea.

Haya si ya Wakatoliki peke yao. Katika familia moja ya Lubumbashi utamkuta Mkatoliki, Mmetodisti, mtu wa Garenganze, mtu wa Pentekoste, na kijana aliyehamia kanisa la uamsho mwaka jana. Nikisema "jumuiya", wewe weka jina la kwenu: CEVB ya Wakatoliki, seli, kikundi cha akina mama, kwaya.

Kwa nini mzigo umekuwa mzito hivi

Wazee waliofanya kazi Union Minière, iliyokuja kuitwa Gécamines, wanakumbuka kwamba mfanyakazi akifa kampuni ilitoa sanduku, na gari la kwenda makaburini lilikuwa la kampuni. Kazi ya familia ilikuwa kulia na kupika. Mambo hayo yaliporomoka miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Sanduku likawa la familia, na familia iliposhindwa likawa la jumuiya. Ila ukubwa wa kilio haukupungua. Tunazika kama watu wenye kampuni, na kampuni haipo.

Hata hivyo hatuanzi bila kitu. Maaskofu wa Kongo waliamua tangu mwaka 1961 kwamba parokia ijengwe juu ya jumuiya hai za mitaani, miaka mingi kabla ya wenzao wa Afrika Mashariki. Na kabla ya hapo, kuanzia 1953, katika kambi ya wachimba migodi ya Ruwe karibu na Kolwezi, padre Mfransisko Placide Tempels alikaa na wafanyakazi na wake zao, na kutoka hapo ikazaliwa Jamaa, ambamo watu waliitana baba na mama na kuingia nyumbani kwa mwenzao bila kubisha hodi mara mbili. Kusaidiana tunakujua. Tunachokosa ni utaratibu.

Saa za kwanza: mtawanye kazi

Habari ikifika, watu hamsini hukimbilia lupangoni na kila mmoja anatoa amri. Kiongozi wa jumuiya asianze na maombi marefu. Aanze na haya:

1. Aiombe familia imtaje msemaji mmoja. Si lazima awe mkubwa kwa umri. Awe mtu asiyelewa na asiyegombana na upande wa pili.
2. Jumuiya itoe watu watatu: wa pesa, wa karatasi, wa nyumba. Mtu mmoja asishike kazi mbili, hata akiwa mtakatifu.
3. Mtu wa karatasi achukue hati ya hospitali inayothibitisha kifo, kisha aende komini kutafuta akti ya kifo. Bila akti hiyo mjane atahangaika benki, kazini kwa marehemu na mahakamani. Akusanye pia cheti cha ndoa, akti za kuzaliwa za watoto na karatasi za lupango, azipige picha kwa simu, halafu za asili azikabidhi kwa mtu asiyehusika na urithi.
4. Mtu wa nyumba, afadhali awe mama, afunge chumba cha kulala na ufunguo ukae kwa mjane mwenyewe. Aulize mjane ana dawa gani za kunywa kila siku. Watu wengi wa presha wameanguka siku ya pili ya kilio kwa sababu hakuna aliyekumbuka dawa zao. Watoto wadogo waende kwa jirani anayejulikana, na majina yao yaandikwe pamoja na nyumba walikolala.
5. Simu ya marehemu isitembee. Humo mna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na mara nyingi mna mpwa anayejua namba ya siri. Izimwe na ikae na mjane, au na mtoto mkubwa.

Kosa linalorudiwa kila mara ni kutangaza siku ya maziko kabla ya kujua deni la hospitali. Mwili unaweza kuzuiwa mpaka deni lilipwe au lipangiwe, na chumba cha maiti nacho kinalipisha kwa siku. Kwanza nenda kaulize hesabu, uombe karatasi yenye muhuri, uombe kulipa kwa awamu. Ndipo utangaze.

Daftari la kikapu

Hapa ndipo jumuiya nyingi zinavunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtume Paulo alipokusanya mchango wa kusaidia maskini wa Yerusalemu hakukubali kuupeleka peke yake. Soma sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho: alitaka wengine waende naye, asije mtu akamshuku. Kama Paulo alijilinda hivyo, mweka hazina wa mtaa wa Kenya au Ruashi asione kwamba anatukanwa tukimwomba daftari.

Daftari liwe hivi:

- Jina la mtoaji, kiasi, na sahihi ya aliyepokea. Faranga ziwe na safu yake na dola ziwe na safu yake. Usibadilishe hesabu kichwani, kwa kuwa kiwango cha leo asubuhi si cha jioni.
- Pesa za simu ziingie kwenye namba moja tu, iliyotangazwa na msemaji. Ujumbe wa kupokea usifutwe.
- Aliyeleta mfuko wa unga wa kilo 25, makala au mafuta aandikwe sawasawa na aliyeleta pesa.
- Kila kinachotoka kiandikwe, hata nauli ya kijana aliyetumwa sokoni.
- Kila jioni wawili wahesabu pamoja: mmoja wa jumuiya, mmoja wa familia.

Sasa jambo ambalo halipendwi. Kabla ya kutoa hata faranga moja ya matumizi, tengeni theluthi ya kikapu, iwekwe kando kwa ajili ya mjane na watoto baada ya kilio. Mkiisubiri mpaka mwisho "tuone kitakachobaki", hakitabaki kitu. Sanduku, bashe, gari na chakula vitajipanga kufuata pesa iliyopo: ikiwa nyingi vitakuwa ghali, ikiwa kidogo vitakuwa vya kawaida. Maiti atazikwa kwa vyovyote.

Kuhusu kiasi cha kutoa, sikupi namba. Nakupa njia. Mwanzoni mwa mwezi, ukipata pesa, weka kando kiasi cha vilio, kama unavyoweka cha sadaka. Kiligawe kwa vilio vinavyokuhusu kweli: damu yako, jumuiya yako, jirani wa ukuta, mwenzako wa kazi. Kikiisha, nenda na mikono yako: chota maji, osha sufuria, kaa na watoto. Usikope ili utoe. Na viongozi, msisome mbele ya watu orodha ya waliotoa kidogo. Nimeisikia ikisomwa kwa kipaza sauti, na sioni ni roho gani inayomtuma mtu kufanya hivyo.

Jumuiya yenye nguvu kidogo ianzishe mfuko wa kilio wakati hakuna kilio. Kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, kama likelemba, ule mchango wa zamu, ila hapa zamu haipangwi: anayepatwa ndiye anayepokea. Kiasi kiwe kimoja kwa wote, kimeandikwa, na anayedaiwa miezi mingi ajue mapema atapata nini. Mfuko usikopeshwe. Siku mtakapoanza kuukopesha, hata kwa kiongozi mwenye shida ya kweli, hesabuni kwamba umekwisha.

Sanduku, bashe na Bank Lambert

Usimtume mtoto wa marehemu kununua sanduku. Analia, na muuzaji anaona kwamba analia. Watumwe wawili wasio wa damu, wakiwa wameambiwa kiasi wasichovuka, na pesa wanayobeba iwe hiyo tu.

Kuna familia zitakazosema, "Baba yetu hawezi kuzikwa kama mbwa." Usibishane nao. Waulize kwa upole: ada ya watoto ya muhula ujao nani ameisema? Mkiwa na jibu, ongezeni mapambo. Nimeona mara nyingi kwamba wanaopiga kelele zaidi kuhusu sanduku ni wale waliokuja na mikono mitupu kutoka mbali. Wao wasikilizwe kwa heshima, na uamuzi ubaki kwa wanaolipa na wanaobaki.

Onyo kubwa: msikope kwa riba ili mzike. Kila mtu mjini anawajua Bank Lambert, wale wanaokopesha kwa mwezi na kushika kadi ya benki au karatasi za lupango kama rehani. Riba yao haingoji arobaini iishe. Lupango limepotea hivyo, na mjane akawa mpangaji katika nyumba aliyoijenga na mumewe. Jumuiya ikiona mtu anataka kuweka karatasi za lupango rehani kwa sababu ya kilio, imzuie hata kama atakasirika.

Chakula na usiku

Tukubaliane: kilio si harusi. Anayetoka mbali ale. Anayelala ale. Jirani wa nyumba ya tatu anaweza kwenda kula kwake. Bukari na mboga zinatosha, nyama haikuwahi kumfufua mtu. Kuanzia Januari hadi Machi, unga unapopanda bei na kila mtu anangojea malori ya Kasumbalesa, jumuiya ipunguze milo iwe mmoja kwa siku, na itangaze hivyo waziwazi bila kuona haya.

Mambo madogo yanayookoa maisha:

- Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni mlangoni, na kijana wa kuisimamia. Kipindupindu si kigeni katika mji huu, na chakula cha watu mia kilichopikwa nje wakati wa mvua ndicho njia yake.
- Maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Kikombe kimoja kisizunguke kwa watu wote.
- Choo cha lupango hakitoshi. Ombeni cha jirani mapema.
- Juni na Julai usiku ni baridi kali. Wazee na watoto wasilale nje kwenye bashe kwa sababu tu ya kuonekana.
- Moto wa makala usiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama akina mama wanatetemeka. Moshi wake hauonekani, na unaua watu wakiwa usingizini.

Na pombe? Itakuja tu. Msemaji wa familia aseme tangu siku ya kwanza kwamba kikapu hakinunui pombe. Anayetaka anunue yake, akanywe mbali na wanawake waliokaa kwenye mikeka. Watani wa ukoo waachiwe mzaha wao, kwa kuwa ni dawa ya zamani na wafiwa wanahitaji kucheka kidogo. Lakini vijana wanaofunga barabara na kudai pesa kwa madereva hawafanyi utani. Vijana wa kwaya wapewe kazi ya kuzungumza nao mapema, kabla hawajalewa.

Makanisa matatu katika nyumba moja

Usiku wa pili ndipo ugomvi huanza: Wakatoliki wameleta rozari, Wapentekoste wameleta vyombo vya muziki, na mchungaji wa yule kijana wa kanisa la uamsho anataka kuhubiri kuhusu watu wasiookoka, mbele ya mama aliyefiwa na mume ambaye hakuwa wa kanisa lolote.

Wakutaneni viongozi jioni, kabla ya giza. Marehemu alisali wapi? Kanisa lake ndilo linaloongoza maziko. Mengine yapewe saa yao, iandikwe kwenye karatasi: nani anaanza, nani anamaliza, saa ngapi kimya. Kimya kiwepo kweli. Mjane ambaye hajalala usiku mbili hahitaji spika mbili zinazoshindana. Mahubiri yasizidi dakika 20, na yasitaje dhambi za marehemu wala michango ya kanisa.

Mchungaji akikukataza kwenda kilio cha "watu wa mataifa", mwombe akuonyeshe mahali Yesu alipouliza dini ya waombolezaji pale Bethania kabla hajalia nao. Nenda. Kama kuna sehemu ya desturi ambayo dhamiri yako haikubali, toka nje kidogo, kisha rudi. Hakuna atakayekuona.

Ulimi kilioni

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Matatizo yao yalianza walipofungua kinywa. Basi:

- Usimwambie mfiwa kwamba Mungu alimpenda marehemu zaidi. Yeye pia alimpenda.
- Usiulize alikufaje. Atakusimulia akitaka.
- Usimwambie mtoto wa miaka kumi kwamba sasa yeye ndiye baba wa nyumba.
- Usilete unabii.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Kabla ya maziko kutakuwa na mtu anayeuliza kwa sauti ya chini, "Nani amemla?" Jibu likianza kutafutwa, hupatikana kila mara kwa mnyonge: bibi kizee anayeishi peke yake, mtoto wa kambo, yatima anayekojoa kitandani. Mchungaji au mganga anayetaja jina asipewe nafasi ya pili katika kilio hicho. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampeleka gerezani mwaka 1 hadi 3 yeyote anayemtuhumu mtoto uchawi. Kiongozi wa jumuiya aijue namba hiyo kwa moyo, kwa sababu kuitaja tu mara nyingi kunatosha. Mtoto ambaye ameshatajwa asilale tena lupangoni hapo. Ahamishwe usiku huohuo kwa familia ya jumuiya, kisha wazee wazungumze.

Wakwe, mjane na mali

Mwanamke akifa, upande wake unaweza kuzuia maziko mpaka mume alipe mahari iliyobaki au faini. Mwanaume akifa, ndugu zake wanaweza kufika na lori. Hali mbili tofauti, lakini dawa ni moja: mazungumzo yafanyike kabla mwili haujatoka hospitali, ndani ya chumba, na watu wachache.

Mtafuteni mjomba, au yule mwenye neno kwa upande wao, mwende kwake wawili: mzee mmoja na kiongozi wa kanisa. Msimtie aibu mbele ya watu, kwa kuwa mtu aliyeaibishwa hawezi kupunguza dai hata akitaka. Mkumbusheni kwamba kila siku ya kuchelewa inalipiwa chumba cha maiti, na pesa hiyo haiendi kwake. Deni la kweli likubaliwe na liandikwe kwa awamu, na mashahidi watie sahihi. Kikapu kisilipe mahari. Kilichangwa kwa ajili ya kilio.

Kuhusu mali, sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto katika tabaka la kwanza la warithi, waliozaliwa ndani ya ndoa na wale wa nje waliotambuliwa na baba, na kuwapa robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyebaki, wazazi na ndugu za marehemu. Kabla ya kugawa, sehemu ya mjane katika mali ya ndoa hutengwa kwanza kulingana na utaratibu waliochagua walipooana. Nyumba waliyoishi, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia. Kwa hiyo shemeji anayechukua friji na karatasi za lupango siku ya tatu anawaibia kwanza watoto wa kaka yake. Mwambieni hivyo, kwa maneno hayo.

Lakini haki hiyo inasimama juu ya karatasi. Ndoa ya mila isiyosajiliwa komini humwacha mjane akibishana kama alikuwa mke au la. Mnaosoma hapa mkiwa wote wawili hai, acheni kusoma, mpange siku ya kwenda komini. Sherehe ya kanisani nayo haitoshi kwa jambo hili. Na wewe baba mwenye mtoto nje ambaye hujamtambua, usimwachie mkeo kazi ya kumgundua siku ya kilio.

Mambo yakiharibika, mlango wa kwanza ni Tume ya Haki na Amani ya parokia, hata kwa asiye Mkatoliki. Kuna pia ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili wa mji, na mahakama ya amani. Mjane asiende peke yake, mtu wa karatasi aende naye.

Juu ya desturi ya kumtakasa mjane kwa kulala na ndugu wa mume: hapana. Asiulizwe mbele ya wazee, maana pale atajibu ndiyo kwa hofu. Mama mmoja wa jumuiya amuulize wakiwa wawili tu, kisha jumuiya ibebe jibu lake kwa wazee kama jibu la jumuiya. Wazee wengi hukubali sala na maji badala yake, mradi ukoo usionekane umedharauliwa. Wasipokubali, mjane alale kwingine mpaka waondoke.

Baada ya bashe kurudishwa

Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaanza na malalamiko kuhusu wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia waombe zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kushughulika na mgawo. Nanyi teueni wawili, muwape miezi mitatu.

- Wiki ya kwanza, mama mmoja alale pale kila usiku, kwa zamu.
- Wiki ya pili, daftari lisomwe mbele ya familia na jumuiya: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ile theluthi akabidhiwe mjane mkononi mwake, si mkononi mwa shemeji.
- Mwezi wa kwanza, mmoja aende shuleni kuzungumza na mkuu kuhusu ada. Shule nyingi hukubali awamu zikiombwa na mtu mwingine mwenye heshima mtaani.
- Mwezi wa pili, akae na mjane wazungumze kazi: biashara ndogo ya unga au makala, kupangisha chumba, au kurudi kwenye cherehani. Mtaji utoke kwenye theluthi hiyo.
- Siku ya arobaini, ibada na maji ya kunywa. Msiandae karamu ya pili.

Mfiwa wa kiume husahaulika zaidi. Tunadhani anajiweza kwa kuwa halii. Mpikieni, na baba mmoja amtembelee jioni zile ambazo alikuwa amezoea kuwa nyumbani.

Mnayopinga

"Tukipunguza kilio, watu watasema tumemtupa marehemu." Watasema. Mwaka ujao watakuwa wanasema jambo lingine. Njia bora ni jumuiya nzima kuamua kabla ya kifo chochote, ili familia iseme, "Huu ndio utaratibu wa kwetu," na lawama zisiangukie nyumba moja.

"Mimi nina mtoto mchanga, je, ni lazima nilale kilioni?" Hapana. Nenda mchana, saa moja, urudi. Mtoto wa miezi miwili kwenye baridi na moshi ni kilio kingine kinachotengenezwa.

"Kiongozi wetu hataki daftari." Andika lako dogo la yale uliyotoa wewe na uliyoyaona. Kilio kijacho watafute wawili wenye nia moja nawe, mjitolee kuhesabu. Mtu anayekataa wahesabuji watatu wa kujitolea amekwisha kujieleza.

"Sina jumuiya, nilihamia Annexe juzi, na ndugu zangu wako Kasai." Wiki hii nenda kwa mkubwa wa mtaa na kwenye kanisa lililo karibu nawe, lolote, utoe jina lako, namba ya simu ya ndugu mmoja, na mahali karatasi zako zilipo. Kisha nenda kwenye kilio cha kwanza kitakachotokea mtaani, hata kama humjui marehemu, ukaoshe sufuria.